Ondoeni Barafu Chini ya Laptopu

“Fundi, nikigandisha chupa ya maji nikailaza chini ya laptopu wakati nacheza gemu, kuna shida?” Wiki hii nimeulizwa tena, na kama kawaida aliyeuliza alikuwa ameshaanza kufanya hivyo.

Shida ipo. Kwanza, barafu haiifikii prosesa. Joto la prosesa lina njia yake: hupita kwenye pesti ya kupitisha joto, likaingia kwenye mirija ya shaba, likafika kwenye vibati vyembamba vya pembeni, na feni ikalipuliza nje. Kati ya chupa yako na njia hiyo kuna plastiki na uwazi wa hewa. Isitoshe, laptopu nyingi za gemu huvuta hewa kwa matundu ya tumboni, palepale ulipoweka chupa. Umeiziba pua.

Tupige hesabu. Kwenye gemu nzito, prosesa na kadi ya picha kwa pamoja hufika wati 125 bila taabu. Kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334 kuyeyuka. Hata joto lote lingeingia kwenye barafu, lisipotee hata kidogo, ndani ya dakika 45 ungebaki na maji.

Na maji ndiyo balaa lenyewe. Huku pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huacha umande kwenye kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Chupa yako ya barafu inatiririka maji huku feni ikivuta hewa sentimita chache juu yake.

Wanaoingiza laptopu yenyewe kwenye friza ndio wanaoniuma zaidi. Bodi hutoka ya baridi, inakutana na hewa yetu, na umande unaifunika kote, hata chini ya chipu ambako kitambaa hakifiki. Ukiwasha wakati huo, unaiunguza mwenyewe. Isipoungua leo, kutu ya kijani itakula viungio polepole, nawe utakuja kumlaumu aliyekuuzia.

Tena wengi mnakimbia namba isiyotisha. Prosesa nyingi za laptopu za Intel zina kikomo cha nyuzi 100. Nyingi za AMD, kati ya 95 na 105. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe. Nyuzi 85 katikati ya gemu si ugonjwa. Njoo kwangu ukiona 90 na huku unasoma barua pepe tu.

Ya kufanya ni haya. Itoe laptopu kitandani, iweke mezani, inyanyue nyuma sentimita tatu nne. Puliza vumbi, ukizishika feni zisizunguke. Weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa nyingi hilo huzima kasi ya ziada, na joto hushuka papo hapo. Ikiwa na miaka mitatu, badilisha pesti, na dawa ya meno iache bafuni. Ila baadhi ya laptopu za gemu, zikiwemo za ASUS ROG, hutoka kiwandani na metali ya kimiminika badala ya pesti. Metali hiyo hupitisha umeme, na tone moja likitua pabaya bodi imekwisha. Muulize fundi kama anaijua kabla hajashika bisibisi.