Risasi Ndani ya Sufuria

Kichwa cha injini ya gari lililokufa, fremu ya dirisha, makopo ya soda yaliyopondwa, rejeta iliyopasuka: vyote huingia kwenye tanuri moja. Vijana wa vyuma chakavu huviuza kwa kilo, na fundi anayesubu hana muda wa kuvichambua. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa na feni ya kupulizia hulifikia bila shida. Metali ikishakuwa uji humiminwa kwenye kalibu ya mchanga iliyopigwa kwa kutumia sufuria nyingine, huachwa ipoe, hupigwa msasa, na jioni sufuria nzito inayong'aa iko sokoni. Mama lishe huipenda sufuria hiyo, na wapishi wa shughuli vilevile. Haipindi, hutunza joto, na wali hauungui upesi kama kwenye ile nyepesi ya kiwandani. Bei yake pia inaeleweka.

Kasoro yake haionekani kwa macho. Rejeta za zamani za shaba ziliungwa kwa lehemu yenye risasi, na aina fulani za alumini ya vipuri hutiwa risasi kidogo makusudi ili zikerezeke kwa urahisi. Risasi huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 327 tu, lakini haichemki mpaka joto lipite nyuzi 1,700. Moto wa fundi hauwezi kuiondoa yote. Wala haichanganyiki vizuri na alumini. Hubaki imetawanyika kama vitone vidogo ndani ya ukuta wa sufuria, ikingoja chakula chenye uchachu.

Na uchachu Morogoro, nchini Tanzania, haukosekani. Nyanya za Mlali, ndimu, ukwaju, maembe mabichi ya kachumbari: vyote hula metali taratibu. Watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, waliiga hali hiyo maabara kwa kuchemsha siki iliyozimuliwa kwa saa 2 ndani ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila mlo wa robo lita. Vyombo 10 vilitoa kadimi kupita kiwango hichohicho. Sufuria moja kutoka Vietnam ilianza na mikrogramu 33, na kadiri ilivyopimwa tena na tena ikafika zaidi ya 1,400. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko wastani wowote, kwa sababu kinaonyesha kwamba sufuria inaweza kuwa mbaya zaidi inavyozeeka, wakati sisi huamini chombo kilichozoea moto ndicho salama.

Watu wengi wakisikia risasi hufikiria ubongo wa mtoto, na ni sawa, madhara yake huko yanajulikana sana. Moyo umekuja kuzungumzwa baadaye. Mwili huifananisha risasi na kalisi, ukaibeba kwa njia zilezile na kuihifadhi kwenye mifupa, ambako hukaa miaka mingi ikirudi kwenye damu kidogo kidogo. Ndani ya mishipa hupunguza naitriki oksidi, kemikali inayoiambia mishipa ilegee. Mishipa ikikaza, moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Figo nazo huumia, na figo ndizo zinazopanga kiasi cha chumvi na maji mwilini. Njia zote hizo zinaishia kwenye presha.

Kwa mtu mmoja athari ni ndogo. Tafiti nyingi zilizounganishwa zinaonyesha kuwa risasi ya damuni ikiongezeka maradufu, namba ya juu ya presha hupanda kwa takriban milimita 1 tu ya zebaki. Daktari hawezi hata kuigundua kwenye kipimo chake. Lakini ukiwasogeza watu milioni kadhaa kwa milimita hiyohiyo, idadi ya viharusi hubadilika. Mwaka 2018 kundi la Bruce Lanphear, lililotumia taarifa za Wamarekani zaidi ya 14,000 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 20, lilikadiria kwamba vifo 256,000 vya moyo na mishipa kila mwaka nchini humo vina mkono wa risasi. Watafiti wawili wa Benki ya Dunia walikuja na hesabu nzito zaidi mwaka 2023: vifo milioni 5.5 vya aina hiyo duniani kote kwa mwaka 2019 pekee. Yapo makadirio mengine yaliyo madogo kuliko hayo mara kadhaa, na wataalamu bado wanavutana. Wanachokubaliana ni upande ambao mzani umeelemea.

Sasa turudi nyumbani, Tanzania. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza kuhesabu vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: sehemu za Dar es Salaam, Wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Wengi walifia nyumbani bila daktari wa kuandika sababu. Wahudumu wakaenda kwa wafiwa na kuuliza: aliumwa siku ngapi, alianguka ghafla au polepole, upande gani ulipooza. Majibu hayo yalisomwa na madaktari, wakakadiria kilichoua. Waliposhughulikia kiharusi na kuchapisha matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 2000, wanaume wa Morogoro Vijijini wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango cha 35 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa 65. England na Wales, ambako kiharusi kilidhaniwa ndiko kwao, kiwango kilikuwa kama 11.

Takwimu hizo hazisemi lolote kuhusu sufuria, na nisingependa msomaji azitumie hivyo. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa presha isiyotibiwa. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2000, wa Ilala na Hai, ulikuta kwamba katika watu wenye presha ya juu, wasiofika 20 kwa kila 100 walijua wanayo, na wasiofika mmoja walikuwa wameidhibiti. Chumvi, uzito, sigara, pombe na umri vina nguvu kuliko risasi kwa mtu yeyote utakayemtaja. Ila mtu anaweza kupunguza chumvi kwa hiari yake, wakati risasi ya kwenye sufuria hajui hata kama ipo. Ndiyo maana naiona kuwa jukumu la anayetengeneza kabla ya kuwa la anayekula.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Fundi mmoja mwenye tanuri nyuma ya nyumba hawezi kulimaliza suala hili hata akitaka. Mashine ya eksirei ya mkononi, inayoelekezwa kwenye kipande cha chuma na kusema ndani yake kuna nini, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kuifunika alumini kwa utando unaozuia metali isitoke kunahitaji vifaa na utaalamu. Kundi la Weidenhamer lilijaribu kuvifunika vyombo, na alumini iliyokuwa inatoka ilipungua kwa zaidi ya asilimia 98. Metali nyingine zilipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Suluhisho lipo, ila ni la mtaji wa wengi.

Morogoro si mgeni wa mawazo hayo. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilijenga mitaa ya viwanda vidogo mikoani ili mafundi wakae pamoja. Katika muongo huo na uliofuata mji ulipewa pia viwanda vikubwa, kikiwemo kile cha viatu kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia, kikakusudiwa kuuza nje sehemu kubwa ya viatu vyake, na hakikuwahi kukaribia uwezo wake. Majengo makubwa yalinyamaza. Karakana ndogo za mashine za kukoboa mpunga na kupukuchua mahindi zikaendelea kugonga. Katikati ya miaka ya 2000 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, walianzisha mpango wa makongano ya biashara nchini, yaani makundi ya watu wa kazi moja waliokaa mahali pamoja, na mafundi chuma wa Morogoro walikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo, sambamba na wakulima wa mwani wa Zanzibar.

Wazo la kongano ni la zamani. Mwaka 1890 mwanauchumi Alfred Marshall alieleza kwa nini watengenezaji visu wa Sheffield walikaa mahali pamoja: ujuzi huenea wenyewe, mafundi huhama kutoka karakana hadi karakana, na wauza malighafi huwafuata. Lakini kukaa pamoja hakuleti kushirikiana. Dorothy McCormick wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichunguza makongano sita ya Afrika, likiwemo la mafundi wa vyuma wa Kamukunji jijini Nairobi, na mwaka 1999 akaeleza kwamba Kamukunji ilikuwa hodari wa kuvuta wateja, ila hatua za pamoja za kukuza uzalishaji zilikuwa chache. Yeyote aliyepita pale na kuona masanduku yaleyale yakitengenezwa kwa bei ileile na watu waliopakana ukuta ataelewa. Kila fundi anamwogopa jirani yake kuliko anavyoiogopa bidhaa ya plastiki ya kutoka nje.

Hofu hiyo ina mantiki. Fundi anayechambua chakavu chake hutumia muda zaidi na kupata kilo chache; sufuria yake inafanana kabisa na ya yule asiyechambua. Mteja hana namna ya kuzitofautisha, hivyo aliye mwangalifu hupata hasara. Ni tatizo la uchumi kabla halijawa la kemia, na linatatuliwa kwa chombo cha uchumi: yadi moja ya kununulia chakavu kwa pamoja, alama moja inayogongwa kwenye vyombo vilivyopita, kipimo cha kushtukiza, na faini ambayo mafundi wenyewe wameikubali.

Kilomita ishirini na ushei kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Iringa na Zambia, chini ya milima ya Uluguru, kuna watu wanaofundisha mambo hayo kila siku. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa wakati wa mkoloni, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, na sheria ya mwaka 2001 ikaifanya chuo kikuu. Sifa yake imejengwa kwenye utawala, uhasibu, biashara na sheria. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine chenye wahandisi wa mashine na wataalamu wa chakula. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa inayopokea waliopooza. Kuna mafundi. Wote hao wanakaa ndani ya mwendo wa daladala moja, na sufuria ya mama lishe ndiyo pekee inayopita kwa wote. Mhitimu wa biashara anayetafuta mada ya tasnifu angefanya kazi ya maana kwa kuhesabu kitu kimoja tu: kuchambua chakavu kunaongeza shilingi ngapi kwenye bei ya sufuria, na nani yuko tayari kuzilipa.

Wengine wameanza kulipa kwa njia ngumu. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru ulikaa miaka jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Watoto wakakutwa na risasi damuni, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kabwe, huko Zambia inakoelekea barabara ya Mzumbe, mgodi ulifungwa mwaka 1994 na udongo bado una sumu. Kwenye jimbo la Washington, Marekani, maofisa wa afya waliofuatilia risasi kwa watoto wa wakimbizi wa Afghanistan walikuta vyombo vya alumini vya kupikia, na mwaka 2024 jimbo likatunga sheria ya kuweka kikomo cha risasi kwenye vyombo vya jikoni.

Wa kwanza kuumia, hata hivyo, ni fundi mwenyewe. Mpishi hula kile kilichotoka kwenye ukuta wa sufuria; fundi huvuta moshi wa tanuri kutwa nzima, na vumbi hurudi nalo nyumbani kwenye nguo hadi kwa wanawe. Kama kuna moyo wa kupimwa presha kesho asubuhi, uanze ule wa anayesubu.

Kwa jikoni, yapo ya kufanya bila kungoja mtu. Usilaze mchuzi wa nyanya kwenye sufuria ya kusubu mpaka asubuhi. Uhamishie kwenye bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Vyakula vya ndimu na ukwaju vipikwe kwenye chombo kingine ukiwa nacho. Usiisugue kwa stilwaya mpaka ing'ae, maana unaondoa ule utando mwembamba ambao alumini hujitengenezea yenyewe.

Kwa fundi, hatua ya kwanza haihitaji mashine wala mkopo. Rejeta na betri zisikaribie tanuri la vyombo vya chakula hata siku moja. Vipuri vya injini viende kwenye kazi nyingine, kama vishikio na sehemu za mashine. Sufuria itoke kwenye fremu za madirisha na nyaya za umeme, ambazo alumini yake ni safi zaidi, mradi nyaya hizo zisiwe zimekatwa usiku kwenye nguzo za TANESCO.