Wingi wa Virusi: Namba Inayoongoza Tiba

Wingi wa virusi ni idadi ya nakala za kirusi katika mililita moja ya damu. Kwa anayeishi na VVU, hakuna kipimo kinachoonyesha vizuri zaidi kama dawa zake za ARV zinafanya kazi. Damu huchotwa mkononi, au matone machache hukaushwa kwenye karatasi maalumu ili sampuli ya zahanati ya mbali isafirishwe bila kuhitaji ubaridi. Maabara hutumia PCR, mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ambayo huzidisha vinasaba vya kirusi mpaka viweze kuhesabika.

Zamani wahudumu walitegemea CD4, yaani kiasi cha chembe za kinga. Lakini CD4 huchelewa kusema. Virusi huweza kuzaliana kwa miezi kabla kinga haijaporomoka, na muda huo wote usugu wa dawa unajijenga. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ifuatiliwe kwanza kwa wingi wa virusi. Kwa kawaida hupimwa miezi sita baada ya kuanza dawa, mwaka unapotimia, kisha kila mwaka. Wajawazito na wanaonyonyesha hupimwa mara nyingi zaidi.

Namba ikizidi 1,000, si lazima dawa ziwe zimeshindwa. Mara nyingi dozi zimerukwa kwa sababu ya njaa, safari, au hofu ya kuonekana na vidonge nyumbani. Mgonjwa hupewa ushauri nasaha, hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi, na virusi vikiwa bado vingi ndipo kubadili dawa hufikiriwa. Ni kosa kubwa kuifanya namba hiyo sababu ya kumkaripia. Anayeaibishwa kliniki huacha kuja, na huyo ndiye aliyehitaji msaada kuliko wote.

Virusi visipoonekana kwenye kipimo, mgonjwa hajapona: vimejificha mwilini, na akiacha dawa hurudi. Hata hivyo, maadamu anaendelea na dawa na virusi havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliofuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, haukupata hata ambukizo moja kati yao.

Kwa homa ya ini aina ya C maana ni nyingine: virusi visipoonekana wiki 12 baada ya kumaliza dawa, mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona.