Shoka la Enzi katika Katanga na Kasai: Jina, Ukusanyaji na Utunzaji Wake

Neno shoka ni miongoni mwa maneno makongwe ya lugha ya Kiswahili. Linafanana na soka la Kilingala na ishoka la Kinyarwanda, na wanaisimu huyarudisha yote kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Ukongwe huo, hata hivyo, hauzuii msemaji wa Kiswahili kupungukiwa na maneno pindi anaposimama mbele ya shoka la mulopwe wa Kiluba. Lile analolijua yeye huchanja kuni na kuangusha miti. Hili lililo mbele yake halikukata hata ufito: bapa lake limechorwa mistari, na mpini wake una kichwa cha mwanamke kilichochongwa, ambacho bapa hutokeza humo. Waluba huliita kasolwa, na lile lililopambwa huitwa pia kibiki. Wazungu waliolichukua wakaandika katika vitabu vyao vya makumbusho “hache de parade”. Mtu akiyafasiri maneno hayo moja kwa moja, apate “shoka la gwaride”, atakuwa amemvisha mulopwe sare ya askari. Katika makala haya litaitwa shoka la enzi, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha cheo: wafalme, machifu, wenye vyeo vya baraza na waaguzi walilitundika begani au kulishika mkononi mbele ya watu.

Umri wa desturi hiyo unajulikana kwa sababu ya makaburi. Katika bonde la Upemba, kandokando ya ziwa Kisale, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba makaburi ya Sanga mnamo 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendeleza uchimbaji katika eneo hilo miaka ya 1970. Katika kaburi moja la Kamilamba, la kipindi kiitwacho Kisale ya Kale, yaani kati ya karne ya 8 na ya 10, palionekana shoka la enzi ambalo mpini wake ulikuwa umepigiliwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa cha maiti paliwekwa fuawe. Jambo hilo lina uzito. Shoka na fuawe vilikuwa vimekwisha kuwa alama za ukubwa karne nyingi kabla ya dola ya Waluba ambayo masimulizi humhusisha nayo Kalala Ilunga, na masimulizi hayohayo husema kwamba ufuaji bora wa chuma uliletwa na ukoo wa baba yake, Mbidi Kiluwe. Watu hawakusahau kwamba ufalme na uhunzi ni ndugu.

Hapo mwanafunzi wa lugha ana la kutazama. Misumari ile yenye vichwa vipana, ambayo Waluba huipigilia katika mipini ya mashoka na ambayo wanawake waliichomeka katika nywele zao, ina umbo la fuawe ndogo, na jina lake limetokana na nyundo. Nyundo ya Kiluba ni kile chuma kizito ambacho mhunzi aliweza kukitumia kama fuawe na kama kigongo. Nyundo ya Kiswahili imebaki kuwa kigongo tu. Kwa hiyo mpini uliopigiliwa misumari haukupambwa kwa ajili ya macho peke yake. Kila msumari ni fuawe, na kila fuawe ni kumbukumbu ya siri ya mhunzi na ya mfalme. Mkusanyaji anayeng’oa misumari miwili iliyolegea ili mpini “uwe safi” anafuta sehemu ya maandishi asiyoweza kuyasoma.

Mashoka ya upande wa Kasai ni ya sura nyingine. Wasongye, na hasa kundi la Nsapo lililohamia karibu na Luluabourg (Kananga ya leo) mwishoni mwa karne ya 19, walifua mabapa yenye matundu: vyuma vyembamba vilivyosokotwa huunganisha makali na kichwa cha mpini, na juu ya vyuma hivyo huonekana nyuso ndogo za watu. Mpini wenyewe hufunikwa kwa bati la shaba nyekundu, ile ambayo watu wa Katanga huiita mukuba. Ufundi huo ni wa kustaajabisha, lakini hadithi ya kundi lenyewe si ya kupambia ukuta. Nsapo walitumiwa na Dola Huru ya Kongo kama askari wa kukusanya kodi, na mnamo 1899 mmisionari Mmarekani mweusi William Sheppard alihesabu katika kambi yao mikono ya kulia 81 iliyokatwa. Mashoka mengi ya Nsapo yaliingia Ulaya katika miaka hiyohiyo, kwa zawadi, kwa biashara na kwa njia nyingine ambazo vitambulisho vya makumbusho havizitaji. Atakayeliandika shoka hilo “zuri sana, Kasai, shaba na chuma” na kuishia hapo ameandika nusu tu ya habari.

Kabla ya kusema juu ya kutengeneza, yafaa kueleza jinsi shoka la kwetu lilivyoungwa, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Shoka la kiwandani lina tundu katika chuma, na mti hupita ndani ya chuma. Shoka la wahunzi wa Kibantu ni kinyume chake: chuma hupita ndani ya mti. Mwisho wa bapa hufuliwa ukawa mwembamba, nao huitwa msuka, kama ule wa jembe. Kichwa cha mpini huachwa kinene kama rungu. Msuka hutiwa motoni hata uwe mwekundu, kisha huchoma njia yake yenyewe ndani ya mti. Kila pigo la kazi huusukuma msuka ndani zaidi, hivyo shoka linalotumika hujikaza lenyewe. Fundi akiligeuza bapa robo mzunguko hupata tezo, na pengine ndiyo sababu Waswahili wa pwani wakaliita tezo pia shoka la bapa. Ni ustadi mkubwa uliofichwa katika kitu kinachoonekana rahisi.

Shoka la enzi halipigi, basi halijikazi. Wakati wa kiangazi mti hukauka na kusinyaa, bapa likaanza kucheza. Mkulima angelitia kichwa cha shoka lake ndani ya maji usiku kucha, mti ukavimba. Mwenye duka la vitu vya kale humimina gundi. Gundi hiyo haitoki tena, na masika yanaporudi mti unaotaka kuvimba hupasuka. Mbaya zaidi, huziba ule ukuta mweusi wa mkaa ulio ndani ya tundu, ambao ni shahidi bora wa kwamba bapa na mpini vilioana tangu mwanzo. Sokoni hupatikana ndoa nyingi za uongo: bapa la Wasongye juu ya mpini wa Kiluba, au bapa la kale juu ya mpini uliochongwa mwaka jana. Katika ndoa hizo msuka huingia kwa ulegevu katika tundu lililotobolewa kwa chuma cha kiwanda, jeupe na laini, lisilo na dalili ya moto. Methali husema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Lakini kwa mtafiti, shoka lenye mpini usio wake ni baya kuliko lisilo na mpini kabisa.

Kutu nayo hudanganya. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia nyeusi, ngumu, imeshikamana na chuma. Ile iliyoharakishwa kwa chumvi na asidi ni ya rangi ya machungwa, imesambaa sawasawa kila mahali na huacha unga kidoleni. Chuma kilichoyeyushwa katika tanuri za udongo hakikupata kuwa majimaji. Kilitoka kama bonge lililochanganyika na takataka za mawe, kikapigwa na kukunjwa hata kikashikana. Kwa hiyo huonyesha nyuzinyuzi na tabaka chini ya kioo cha kukuzia, ilhali chuma cha kiwandani ni sawa kote. Anayelisugua bapa kwa msasa hadi ling’ae ameondoa alama za nyundo, michoro, na pengine mabaki ya mafuta au ya unga mwekundu ambayo maabara ingeweza kuyasoma. Ndimu na majivu juu ya shaba hufanya vivyo hivyo kwa muda wa dakika tano.

Utunzaji unaostahili jina hilo ni wa polepole, tena hauna fahari. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Kutu inayoendelea kula chuma hupakwa asidi ya tanini, ambayo hujiunga nayo na kuigeuza kuwa tabaka jeusi lililotulia. Baadaye hupakwa nta nyembamba, inayoweza kuondolewa siku nyingine. Mafuta ya mawese yalifaa katika nyumba ya chifu, ambamo shoka lilipakwa mara kwa mara na mikono ya watu. Katika sanduku la ghala huganda, yakanasa vumbi na kuvutia wadudu. Mpini uliotobolewa na bungu haumwagiwi dawa: hufungwa vizuri ndani ya plastiki na kuwekwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Kila kinachofanywa huandikwa pamoja na tarehe.

Mtu binafsi anayekusanya hana budi kujua pia sheria. Mali za utamaduni zinalindwa nchini Kongo na amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, nao Mkataba wa UNESCO wa 1970 unapinga biashara ya magendo ya vitu hivyo; Ubelgiji iliuridhia mwaka 2009. Sheria peke yake haikutosha. Kati ya 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren yalirudisha Kinshasa vitu 114, na baadhi yake vikatoroshwa tena katika misukosuko ya miaka ya 1990, vikaonekana katika masoko ya Ulaya. Pasipo picha, vipimo na maelezo ya mahali kitu kilipotoka, ni vigumu kudai chochote mbele ya mnunuzi aliyekwisha lipa.

Kadi ya shoka, kwa hiyo, iandikwe katika kijiji kabla ya kitu kuhama: urefu wa mpini, upana wa makali, kina cha msuka, jina la mahali, jina la cheo cha aliyelibeba, na jina la kila sehemu kama mwenyeji anavyolitamka, pamoja na toni zake. Majina hayo ya sehemu ndiyo yaliyopungua zaidi katika kadi za zamani. Waliozijaza walipima chuma kwa milimita, wasimwulize mhunzi aitaje misumari yake.