DAWA MPYA: ILIJARIBIWA JUU YA WATU WANGAPI?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, ukisikia dawa imeponyesha, uliza kwanza: watu wangapi?

Mwaka 2015, Afrika ya Magharibi, waganga walijaribu ZMapp juu ya wagonjwa wa Ebola. Waliotunzwa bila dawa hiyo walikufa 13 kati ya 35. Walioipata, 8 kati ya 36. Inapendeza machoni, lakini kwa watu wachache hivyo, bahati tu yaweza kuleta tofauti ile.

Kwa jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini, kikundi cha Profesa Muyembe kilijaribu dawa 4 juu ya wagonjwa 681, tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019. Kwa ZMapp walikufa karibu 50 kwa 100. Kwa dawa mbili nyingine, 34 ao 35. Tofauti ilikaribia ile ya kwanza, lakini safari hii watu walitosha.

Tofauti ikipungua nusu, watu wanaohitajika huwa karibu mara 4. Mfuko wa kasiterite wautambua kwa mkono. Gramu ya dhahabu yataka mzani.

Basi mtu wa Kindu akikuuzia dawa ya kikohozi «iliyoponya watu 3», kumbuka kikohozi kingi hupita chenyewe. Kikizidi majuma 2, nenda dispanseri.