Kutoka Kyambogo Hadi Namugongo kwa Mwendo wa Pole

Wengi wa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi wamekwisha kufika Namugongo. Kila mwaka inapowadia tarehe 3 Juni hupakiwa magarini kabla ya alfajiri, hupangwa kando ya barabara na kuzunguka ziwa dogo lililo kwenye uwanja wa ibada, nao husimama hapo mpaka mahujaji watawanyike. Lakini askari wa zamu huipa ibada mgongo. Macho yake yako kwa umati. Hivyo huenda amefika mara tano au mara kumi, na bado mahali penyewe hajapaona. Ni kwa ajili yake tunaieleza safari hii ya siku moja ya mapumziko, isiyohitaji gari, bunduki wala shanta, ila viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, kofia, na chupa ya maji.

Tunaanzia juu ya kilima cha Kyambogo, mashariki ya jiji la Kampala. Msomaji wetu hawezi kupotea hapa. Magharibi yake ni Naguru, yaliko makao makuu ya polisi. Kusini, ng'ambo ya bonde la Kinawataka, ni Mbuya, iliko Wizara ya Ulinzi. Baina ya vilima hivyo viwili vya amri, Kyambogo kimekuwa kwa miaka mingi kilima cha walimu na mafundi, na mwaka 2003 vyuo vyake vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Yafaa kuondoka saa moja ya asubuhi, kabla vumbi la barabara ya Jinja halijaamka. Wala asiende mtu kwa mwendo wa kwata. Aliyezoea kuhesabu hatua ataona tabu kidogo mwanzoni, kama tulivyoona sisi.

Tukishuka upande wa mashariki tunaingia Banda. Mtu asiyeambiwa atapita tu: nyumba za kupangisha wanafunzi, vibanda vya chapati, bodaboda zinazosubiri abiria. Kabaka wa sasa anayo makazi yake huku, nasi tulipita kando kwa adabu bila ya kuchungulia. Lakini hapa Banda, mwaka 1862, ndipo palipokuwa mji mkuu wa Buganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza, wakati huo kijana, alikuwa na lubiri yake juu ya kilima: nyumba kubwa za nyasi, nyua za matete zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na malango yenye walinzi. Hakuna hata jiwe moja lililobaki, kwa sababu hapakuwa na jiwe. Miji mikuu ya Buganda ilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na Kabaka alipohama mji ulihama pamoja naye. Mutesa mwenyewe alihama mara kadhaa. Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Rubaga, na mwaka 1884 Mutesa alizikwa Kasubi. Banda ikarudi kuwa migomba.

Tarehe 19 Februari 1862 alifika hapa John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa afisa katika jeshi la India, akitafuta chanzo cha Mto Naili. Alikataa kuketi chini juani kungoja kuitwa, akaondoka kwa hasira, akabembelezwa kurudi, mwisho akakaa juu ya kiti chake cha chuma chini ya mwavuli. Yeye na Kabaka wakatazamana muda wa saa nzima bila ya kusemezana. Na waliposemezana baadaye, lugha yetu hii ndiyo iliyokuwa daraja. Speke alisema Kihindustani kwa Bombay, kiongozi wa msafara wake. Bombay akakigeuza kuwa Kiswahili kwa mkalimani aitwaye Nasib. Naye Nasib akakitia katika Kiganda. Wanaodhani kwamba Kiswahili kiliingia Buganda kwa buti za King's African Rifles hawana budi kupanda kilima cha Banda wakafikiri tena. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika hata kabla ya Speke, enzi za Kabaka Suna, baba yake Mutesa.

Miongoni mwa zawadi alizoleta Speke zilikuwamo bunduki moja, bastola moja na karabina tatu pamoja na risasi zake. Kabaka alitaka kuziona zikifanya kazi, Speke akawapiga risasi ng'ombe wanne mbele ya baraza, watu wakashangilia. Kisha Mutesa akaitia risasi karabina moja kwa mkono wake mwenyewe, akaikoki, akampa mtumishi wake mdogo, akamwamuru aende ua wa nje akampige mtu. Mtoto akaenda. Haukupita muda akarudi akiwa na furaha ya mtoto aliyefaulu kutungua ndege. Speke aliyaandika hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, akaongeza kwamba hakuona mtu yeyote pale aliyetaka kujua ni nani aliyeuawa.

Hapo tulikaa kitako chini ya mwembe kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Sisi tunaowaandikia watu wa silaha hatukuweza kupita mahali hapo kama tunavyopita sokoni.

Kutoka Banda twafuata barabara ya Jinja hadi Kireka, kisha twapinda kushoto kuelekea kaskazini. Tuseme kweli: sehemu hii si shamba tena. Nyumba zimeshikana, na malori ya mchanga hayana simile. Ila mwenye subira akiacha lami akafuata vichochoro vya nyuma atakuta bado vipande vya migomba, mihogo, na ng'ombe mmoja mmoja aliyefungwa kamba. Kyaliwajjala pana chai na mihogo ya kuchemsha. Mwenye kwenda taratibu, akipumzika, atawasili Namugongo kabla ya jua la utosini.

Namugongo palikuwa mahali pa kutekelezea hukumu za Kabaka. Katika miaka ya 1870 Mutesa aliamuru wauawe Waislamu waliokataa kula nyama ya mchinjaji wa lubiri asiye Mwislamu. Mwanawe Mwanga, aliyemrithi mwaka 1884, akawageukia Wakristo. Kati ya mwaka 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na kundi kubwa kabisa, pamoja na Karoli Lwanga, lilichomwa moto hapa tarehe 3 Juni 1886. Kanisa la Wakatoliki, lenye umbo la msonge na nguzo 22, liliwekwa wakfu mwaka 1975. Papa Paulo wa Sita alikuwa amezuru mahali hapo mwaka 1969. Si mbali na hapo, Nakiyanja, ni mahali pa Waanglikana. Tunashauri msomaji aanzie hapo, kwa sababu ndipo inapoelezwa kwa sanamu kazi ya wauaji wenyewe.

Mkuu wao aliitwa Mukajanga. Hakuwa mhalifu, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo na watu chini yake. Kati ya wafungwa alioletewa alikuwamo kijana Mbaga Tuzinde, wa nyumba yake mwenyewe. Alimsihi akane, ama akubali kufichwa, kijana akakataa. Mukajanga hakuivunja amri. Alichofanya ni kuagiza kijana apigwe rungu shingoni kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa. Hatujui askari yeyote anayeweza kusimama mbele ya habari hiyo akabaki na maneno mengi. Lakini yafaa kujua pia kwamba siku ile ile vijana watatu, Denis Kamyuka, Simeon Ssebuta na Charles Werabe, waliondolewa dakika ya mwisho wasitiwe motoni. Mengi tunayoyajua juu ya asubuhi ile yametoka katika vinywa vya hao waliobakizwa.

Majina ya waliokufa Namugongo yameandikwa, yanasomwa, watoto wanabatizwa kwayo. Mwenye nafasi akae kidogo kando ya ziwa siku isiyo ya sikukuu, wakati hakuna umati wa kuulinda. Utulivu wake ni mkubwa.

Sisi tulirudi jioni kwa njia ile ile. Pale Banda kijana mmoja wa bodaboda alituona tumesimama tukitazama kilima, akauliza kama tunatafuta kiwanja cha kununua. Tukamsimulia habari ya Speke na karabina. Alizima pikipiki yake ili asikie vizuri, kisha akataka kujua yule mtu wa ua wa nje alikuwa nani, na kama alikuwa na watoto. Tukamjibu kwamba hata jina lake halikuandikwa. Akanyamaza, kisha akajitolea kutupakia wawili kwa pamoja hadi Kyambogo kwa nauli ya mmoja. Tukamkumbusha kwamba makala yetu ingesomwa na polisi, tukapanda kilima kwa miguu.