Siri ya mvuto wa wahusika wa tamthilia za vyuo vya Korea

SWALA ya isha imekwisha, vyombo vimeoshwa, na katika sebule moja ya mtaa wa Mshomoroni, Kisauni, mabinti watatu wamejibana juu ya mkeka mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Ni wapwa wangu. Kwenye kioo cha simu hiyo yuko msichana wa chuo kikuu ambaye usiku huo hajapewa ua wala kuambiwa neno tamu. Anapiga hesabu tu. Anajiuliza iwapo karo ya muhula ujao itapatikana au itambidi asimamishe masomo akafanye kazi kwanza.

Mkubwa wa mabinti hao, ambaye amemaliza kidato cha nne na angali anangoja kujiunga na chuo, aligeuka akaniambia: "Mjomba, huyu ni mimi."

Msichana huyo wa kwenye simu ni Hong Seol, mhusika mkuu wa Cheese in the Trap, tamthilia ya Korea Kusini iliyoonyeshwa mwaka wa 2016 katika kituo cha tvN. Kauli ya mpwa wangu ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa wengi wetu tulio watu wazima tumeshikilia kwamba kinachowanasa vijana kwenye tamthilia hizi ni nyuso nyororo za wavulana, mavazi na majumba ya kifahari. Nyuso zipo, tusidanganyane. Hata hivyo, nyuso nzuri zimejaa kila stesheni ya runinga, na si zote zinazomfanya binti wa Kisauni anyamaze kimya kwa saa nzima. Yamkini kuna jambo jingine.

Tamthilia iliyowapa watazamaji wengi wa nje ya Asia ladha ya kwanza ya mapenzi ya shuleni ya Kikorea ni Boys Over Flowers, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2009 katika kituo cha KBS2, ikiwa imetokana na hadithi ya picha ya mwandishi wa Kijapani, Yoko Kamio. Mwaka huo huo wa 2009, nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, ila moja lilikuja kulifaa jingine. Tamthilia zilitangulia kuingia mitaani kwa diski zilizonakiliwa, kisha kwa flashi zilizopita mkono kwa mkono, na Januari 2016 Netflix ikafika Kenya. Leo ni simu na bando.

Pwani haikuanza jana kulia na wageni. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka wa 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania na Zanzibar, ameeleza jinsi filamu za Kihindi, mathalan Awara ya Raj Kapoor ya mwaka wa 1951, zilivyopendwa na watu wa mwambao. Naye mwanaanthropolojia Brian Larkin, aliyechunguza watazamaji wa Kihausa kaskazini mwa Nigeria, aliandika mwaka wa 1997 kwamba filamu hizo ziliwapa vijana nafasi ya kuwazia maisha ya kisasa bila ya kulazimika kuwa Wazungu. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inaifaa Korea barabara. Katika tamthilia hizi kuna lifti, kompyuta na treni za chini ya ardhi, lakini kijana bado anainamisha kichwa mbele ya baba yake.

Turejee kwa wahusika wenyewe. Geum Jan-di wa Boys Over Flowers ni binti wa dobi. Kim Bok-joo, shujaa wa Weightlifting Fairy Kim Bok-joo iliyoanza Novemba 2016 katika kituo cha MBC, ni binti wa mtu mwenye kibanda cha kuku wa kukaanga. Wazazi wa Hong Seol wanaishia kufungua mgahawa wa tambi, na binti yao huenda kuwasaidia baada ya masomo. Dobi, kuku, tambi: mtu wa Likoni hahitaji kufafanuliwa biashara hizi. Anajua harufu yake. Anajua pia jinsi mtoto wa biashara ndogo anavyolelewa, kwamba daftari la shule hukaa karibu na daftari la madeni, na kwamba mteja akiita, somo husimama.

Kisha kuna suala la kuvuka. Mkazi wa Mombasa bara akitaka kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor hana budi kuvuka maji. Wa Likoni atapanda feri, wa Kisauni atapita Daraja la Nyali, wa Changamwe atapita Makupa. Chuo kiko ng'ambo, na kila asubuhi mwanafunzi hutoka katika dunia moja akaingia nyingine, jioni akarudi. Jan-di naye huvuka, ingawa bila maji. Anatoka kwenye duka la dobi na kuingia Shinhwa, shule ya watoto wa matajiri, kwa ufadhili wa kuogelea aliopewa baada ya kumwokoa mwanafunzi aliyetaka kujirusha kutoka kwenye paa. Anapoingia tu, anakumbushwa kwamba si pake. Wapwa wangu wanaoishi karibu na majumba ya Nyali, ambako ukuta hutenganisha bwawa la kuogelea na foleni ya mitungi ya maji, hawakuona ajabu yoyote katika hilo.

Hapa ndipo tunapofikia kiini. Ukiyaondoa maua na mvua, swali linalozungusha tamthilia nyingi za aina hii ni moja: nani analipa, na akishalipa anadai nini?

Hong Seol anahitaji ufadhili wa masomo, na anayeshika nafasi ya kwanza darasani ni Yoo Jung, mvulana tajiri, mpole, anayetabasamu kwa kila mtu. Ghafla kazi ya Yoo Jung inapotea, alama zake zinashuka, na ufadhili unamwendea Seol. Baadaye Seol anakuja kugundua kuwa upotevu huo ulipangwa na Yoo Jung mwenyewe. Je, hiyo ni zawadi au ni deni? Seol hakuomba. Hakuambiwa. Na sasa kila akiketi darasani anajua kuwa kiti kile kimelipiwa na mkono wa mtu ambaye bado hamwelewi. Tamthilia haiharakishi kumjibia. Inamwacha aogope na apende kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalomfanya awe mtu, si sanamu.

Katika vyuo vyetu kuna neno linaloeleweka bila maelezo: sponsa. Ni mwanamume mwenye uwezo, aghalabu mwenye mke, anayelipa kodi ya chumba, simu na wakati mwingine karo ya mwanafunzi, na anayejua siku atakayokuja kudai chake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka wa 1995, huwakopesha wanafunzi, lakini mkopo ukichelewa tumbo halichelewi. Binti anayemtazama Seol akilipima tabasamu la Yoo Jung hatazami ndoto za mbali. Anatazama mtu wa rika lake akijaribu kupokea msaada bila kugeuka mali ya aliyemsaidia.

Kuna tukio katika Boys Over Flowers ambalo nimeliona likirudishwa nyuma mara tatu pale pale mkekani. Mama yake Gu Jun-pyo, tajiri asiyejua kuombwa radhi wala kuomba, anafika nyumbani kwa kina Jan-di na fedha ili binti huyo aachane na mwanawe. Mama Jan-di, ambaye siku zote amekuwa akiota kumwoza binti yake kwa tajiri, anachukua chumvi na kumwagia mgeni kichwani. Wakorea hutumia chumvi kufukuzia nuksi. Manukuu ya Kiingereza hayakueleza hayo, wala wapwa wangu hawakungoja kuelezwa, kwa sababu wamemwona bibi yao akimzungushia mtoto chumvi ili kuondoa kijicho. Walipiga vigelegele. Baadaye, shida inapoibana familia ile, mama huyo huyo analegeza msimamo, na mabinti wangu walimsamehe. Walisema njaa haina mwanamke hodari.

Mvuto mwingine umo katika adabu. Kikorea kina ngazi za usemi, na mtu hawezi kumsemesha mkubwa wake kama amsemeshavyo rafiki. Aliyekutangulia chuoni humwiti jina tupu, bali sunbae. Msichana humwita kaka yake mkubwa oppa, na hulitumia neno hilo hilo kwa mvulana mkubwa kwake ambaye wamezoeana. Kwa hiyo, siku mhusika anapoacha cheo kimoja na kushika kingine, au anapolegeza usemi wa heshima, pazia zima limefunguka ingawa hakuna aliyemgusa mwenzake. Huku kwetu pia mtoto aliyelelewa humbusu mkubwa mkono, na msichana humwita jirani aliyemzidi umri kaka fulani. Siku akiliacha hilo "kaka", majirani hugeuza shingo. Ndiyo maana watazamaji wetu huweza kungoja vipindi vinane ili mkono ushike mkono. Ngoja hiyo wanaifahamu.

Isitoshe, ngoja hiyo huwawezesha kutazama wakiwa na mama sebuleni. Hili si jambo dogo katika nyumba ya vyumba viwili.

Hata hivyo, sitaki kuzipamba tamthilia hizi kuliko zinavyostahili. Gu Jun-pyo ni dhalimu. Shuleni, yeye na wenzake watatu wa kundi la F4 humpa kadi nyekundu mwanafunzi wasiyemtaka, na shule nzima humgeukia. Alipoanza kumpenda Jan-di aliamuru atekwe, apelekwe kwenye jumba lake na kupambwa kama mwanasesere. Humshika kifundo cha mkono na kumburuta. Muziki laini unapigwa nyuma yake, na mtazamaji anaombwa aione hasira ile kuwa ni mahaba yaliyokosa maneno. Nimeona wanawake wengi mno hapa Pwani wakiambiwa hivyo hivyo na shangazi zao kuhusu waume zao, tena bila ya muziki. Mpwa wangu wa kati alimtetea Jun-pyo kwamba hakulelewa kwa upendo. Dada yake akamuuliza, na je, Jan-di ndiye wa kumlea? Ubishi uliendelea hadi betri ikaisha.

Ndiyo sababu nikiulizwa nani kati ya wote hawa anafaa kupendwa, nitamtaja Kim Bok-joo bila kusita. Ni mnyanyuaji vyuma katika chuo cha michezo. Mhusika huyu alichochewa na maisha ya Jang Mi-ran, mwanamke wa Korea Kusini aliyenyakua dhahabu ya kunyanyua uzani katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, michezo ile ile ambayo Pamela Jelimo wetu alitwaa dhahabu ya mita 800. Bok-joo ana mabega mapana, anakula kwa furaha, na anacheka kwa sauti. Anapompenda daktari anayetibu watu wanene, anajiandikisha katika kliniki yake kwa siri ilhali mchezo wake unahitaji nguvu na uzani. Anauficha mchezo wake kama kwamba ni aibu. Kipindi hicho kilinigusa kuliko busu lolote, kwa sababu ni mara chache mno runinga kuonyesha msichana hodari akiuonea haya uhodari wake, na kisha kutomlazimisha akonde ndipo apendwe.

Anayempenda hatimaye ni Jung Joon-hyung, mwogeleaji waliyesoma naye shule ya msingi, ambaye huanza kwa kumkejeli kwa jina la utani la utotoni. Ni mcheshi, hana kampuni ya kurithi, na hofu humbana majini kila anapopanda jukwaa la kuanzia mashindano. Chanzo cha hofu hiyo kinajitokeza polepole. Mama yake alimwacha kwa ami na mke wa ami akiwa mdogo, akaenda zake Kanada. Wamemlea vizuri, hapigwi wala hanyimwi, na bado kuna mlango ndani yake anaouangalia.

Tulipofika hapo hakuna aliyechangia neno. Dada yangu, mama wa mabinti hawa, yuko Riyadh mwaka wa tatu sasa akifanya kazi za nyumbani, na karo ya mkubwa inatarajiwa kutoka huko. Mdogo wao, ambaye kwa kawaida hauliza maswali hadi watu wakamfukuza, alitaka kujua iwapo mama wa Joon-hyung hupiga simu.

Dada yake alikuwa angali anafikiria la kumjibu wakati picha ilipoganda na simu ikaanza kulia juu ya birika. Ilikuwa saa tatu na nusu, saa ambayo mama hao wa Riyadh humruhusu kuongea na wanawe. Watatu wote waliinyakua kwa pamoja, birika likaanguka, na Joon-hyung akabaki pale pale kwenye ukingo wa bwawa.