Tangi la piranha

Tangi la piranha ni tangi la kioo au akriliki linalotumika kufugia samaki aina ya piranha. Kwa anayeanza kufuga, spishi inayopatikana zaidi madukani ni piranha tumbo-jekundu (jina la kisayansi: *Pygocentrus nattereri*). Kwa kawaida huuzwa akiwa mdogo, wa sentimita chache tu, lakini hukua haraka na anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo tangi lake huchaguliwa kwa kufuata ukubwa wa samaki mzima na idadi ya kundi lake, si ukubwa alio nao siku ya kununuliwa. Tangi dogo huleta matatizo mengi kwa wafugaji wapya: samaki hung'atana, maji huchafuka upesi, na mwishowe wengine hutupa samaki wao mtoni au ziwani.

## Tabia ya piranha

Piranha ni samaki wa familia Serrasalmidae wanaoishi katika mito na maziwa yasiyo ya chumvi ya Amerika Kusini. Piranha tumbo-jekundu anapatikana katika beseni la mto Amazon, katika mito Paraguay na Paraná, na katika mito kadhaa ya kaskazini-mashariki mwa Brazili. Alielezwa kisayansi na Rudolf Kner mwaka 1858. Jina *nattereri* ni kwa heshima ya Johann Natterer, mtaalamu wa Austria aliyekusanya wanyama wengi huko Brazili.

Sifa yake ya ukali ilienea sana baada ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, kusafiri Brazili mwaka 1913 na 1914. Katika kitabu chake *Through the Brazilian Wilderness* alimtaja piranha kuwa samaki mkali kuliko wote duniani. Hata hivyo piranha tumbo-jekundu hula vitu vingi: samaki wadogo, mapezi na magamba ya samaki wengine, wadudu, mizoga, hata mbegu na matunda. Yeye mwenyewe huliwa na kaimani, pomboo wa mtoni na ndege wala samaki.

Zamani ilidhaniwa kwamba piranha hutembea kwa makundi ili kuwinda. Utafiti wa Helder Queiroz na Anne Magurran uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha sababu nyingine. Samaki waliowekwa wanane pamoja walipumua kwa utulivu kuliko waliowekwa wawili wawili. Kundi ni kinga dhidi ya maadui. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba piranha ni samaki mwoga, na anahitaji wenzake, nafasi na maficho.

## Kuhakikisha spishi

Kabla ya kuchagua tangi ni lazima kujua ni samaki gani atakayeishi ndani yake. Makosa mawili hutokea madukani.

* Paku (*Piaractus brachypomus*) akiwa mdogo hufanana sana na piranha tumbo-jekundu, kwa kuwa naye ana tumbo jekundu. Lakini meno ya paku ni butu, ya kusagia, na samaki huyu huweza kupita sentimita 60. Tangi la kawaida la nyumbani halimtoshi.
* Piranha mweusi (*Serrasalmus rhombeus*) havumilii wenzake tangini. Kwa kawaida hufugwa peke yake.

Maelezo yanayofuata yanahusu piranha tumbo-jekundu. Katika tangi samaki huyu kwa kawaida hufikia sentimita 20 hadi 25.

## Ujazo wa tangi

Wafugaji wengi hutumia kanuni ya lita 75 hivi kwa kila samaki mzima. Kanuni hii imetokana na uzoefu, lakini inasaidia kupanga. Ujazo wa tangi la pembe nne hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000.

Kwa mfano, tangi lenye urefu wa sm 150, upana wa sm 60 na kimo cha sm 60 lina ujazo wa lita 540. Lakini halijazwi hadi ukingoni. Maji yakifika kimo cha sm 55, ni lita 495. Mchanga, mawe na magogo huchukua nafasi pia, hivyo maji yenyewe hubaki kama lita 450. Ukigawanya kwa 75, unapata samaki 6.

Tangi dogo linalouzwa sana kwa wanaoanza ni la sm 60 kwa 30 kwa 30, lenye lita 54 tu. Hata piranha mmoja mzima hana nafasi ya kutosha ndani yake.

Baadhi ya wafugaji huwaweka samaki wachanga katika tangi la lita 200 hivi, wakikusudia kununua kubwa baadaye. Jambo hili linawezekana kwa miezi michache, lakini katika mwaka wa kwanza piranha anaweza kufikia sentimita 15. Mfugaji hulazimika kununua tangi mara mbili, na akikosa fedha kwa wakati huo samaki ndio wanaoumia. Kuanza na tangi kubwa hugharimu zaidi mwanzoni, ila ni nafuu kwa jumla.

## Idadi ya samaki

Wakiwekwa wawili au watatu, mwenye nguvu humwandama dhaifu hadi kumkata mapezi au kumuua. Wakiwa watano au zaidi ugomvi husambaa, na hakuna mmoja anayebeba mashambulizi yote. Ni vizuri wanunuliwe pamoja wakiwa na ukubwa sawa. Samaki mdogo anayeongezwa baadaye huonwa kama chakula.

## Umbo

Urefu na upana vina umuhimu kuliko kimo. Piranha huogelea kwenda mbele na nyuma, na kila mmoja hupenda kuwa na eneo lake. Tangi refu la kwenda juu lina maji mengi lakini lina sakafu ndogo, kwa hiyo samaki hubanana. Upana wa sm 60 humwezesha samaki wa sm 25 kugeuka kwa urahisi. Kwa kundi la watano au sita, urefu usipungue sm 150. Matangi ya duara hayafai: hayana pembe za kujificha.

## Kioo, uzito na mahali pa kuweka

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la mfano wa hapo juu hubeba kilo 495 likijazwa maji. Kioo chake kikiwa na unene wa milimita 12, chenyewe kina kilo 100 hivi. Pamoja na mchanga, mzigo wote hupita kilo 600, sawa na watu wazima wanane au tisa kusimama pamoja kwenye eneo lisilofikia mita moja ya mraba. Tangi la namna hiyo huwekwa kwenye sakafu ya zege ya chini, juu ya meza ya chuma au mbao nzito iliyopimwa kwa timazi ya maji. Katika nyumba ya ghorofa ni vyema kumuuliza fundi wa ujenzi kwanza.

Maji pia husukuma kioo kwa pembeni. Shinikizo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka: kwa maji ya kina cha sm 55, upande mrefu wa tangi hili husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 227 hivi. Kwa sababu hiyo unene wa kioo hupangwa hasa kwa kufuata kimo cha tangi.

Tangi lililotumika huweza kupunguza gharama. Likaguliwe silikoni ya kwenye viungo, kisha lijazwe maji nje ya nyumba na kuachwa siku mbili ili kuona kama linavuja.

## Maji na chujio

Piranha hula nyama na hutoa uchafu mwingi. Uchafu na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaokua ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuzoea tangi jipya. Kuweka kundi la piranha siku ileile tangi linapojazwa ni kuwaweka kwenye sumu.

Chujio linalofaa ni kubwa kuliko linalopendekezwa kwa samaki wa mapambo, kwa mfano lenye uwezo wa kupitisha maji yote ya tangi mara tano au zaidi kwa saa. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa. Kwa lita 450 hiyo ni karibu madumu sita ya lita 20. Asiye na uhakika wa kupata maji hayo kila wiki anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kununua. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Penye baridi hita huhitajika, na iwekewe kinga kwa sababu samaki waliotishika huigonga au kuiuma. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, pampu ya hewa inayotumia betri husaidia, kwa maana chujio likisimama hewa majini hupungua.

## Maficho, mwanga na kifuniko

Mwanga uwe hafifu. Magogo, mawe na mimea migumu huwapa samaki kivuli na kuwaficha wasionane muda wote. Tangi lisiwekwe karibu na mlango au njia ya watu wengi. Kifuniko kizito ni lazima: piranha akishtuka huweza kuruka, na watoto wasiweze kuingiza mkono.

## Usalama wakati wa usafi

Majeraha mengi ya wafugaji hutokea wakati wa kusafisha au kuhamisha samaki. Meno ya piranha ni ya pembetatu na hukutana kama mkasi, hivyo hukata hata nyavu ndogo. Ni salama zaidi kumhamisha kwa ndoo, kutumia koleo refu kulisha, na kutenga samaki upande mmoja kwa kizuizi kabla ya kuingiza mkono. Vifaa vyote vya umeme vizimwe kwanza.

## Sheria na mazingira

Kumiliki piranha kumekatazwa katika baadhi ya majimbo ya Marekani, yakiwemo California na Texas. Nchi nyingine zina masharti yake, hivyo mamlaka ya uvuvi au wanyamapori iulizwe kabla ya kununua.

Sababu ya makatazo ni hofu ya samaki kutupwa katika maji ya asili. Piranha hafi kirahisi katika maji ya joto, na akiwa na wenzake anaweza kuzaliana. Afrika ya Mashariki ina mfano wake wa samaki wa kigeni: sangara alipandikizwa katika ziwa Viktoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilizokuwa zikiishi humo pekee zilipungua au kutoweka. Mfugaji asiyeweza tena kutunza piranha wake awarudishe dukani, awape mfugaji mwingine au awasiliane na mamlaka husika. Kama hana nafasi, maji wala fedha kwa tangi la kundi zima, ni afadhali achague samaki wadogo zaidi tangu mwanzo.

## Tazama pia

* Samaki
* Mto Amazon
* Sangara
* Spishi vamizi